Jibu: Skripti inamaliza bila kosa, lakini ISO haiwaki

Habari ndugu. Umesema skripti yako ya debootstrap (zana ya kujenga mfumo wa Debian Linux ndani ya folda) inafika mwisho kimya, ila ISO, yaani faili la mfumo la kuwashia kompyuta, inagoma kuwaka kwenye laptopu zenu huko Lindi.

Kwanza angalia mwanzo wa skripti: ipo `set -euo pipefail`? Bila hiyo Bash, programu inayoendesha skripti, inairuka amri iliyofeli na kusonga mbele. Iweke, kisha endesha kwa `bash -x`, inayoonyesha kila amri, uone inapokwama.

Jaribu ISO kwenye QEMU (programu ya kuiga kompyuta) kabla ya kuchoma flashi. Yenyewe kwa kawaida huwasha kwa BIOS, njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, kwa hiyo ikiwaka huko na laptopu ikagoma, kagua UEFI, njia mpya.

Hapa Mtwara natumia apt-cacher-ng, inayotunza vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, bando linapona. Na tafadhali sana, skripti ikikatika katikati, tazama `findmnt` (huorodhesha vilivyounganishwa) kabla ya kufuta folda ya ujenzi kwa `rm -rf`. Kama /dev (folda ya vifaa vya mashine) bado imeunganishwa humo, utakuwa umeifuta /dev ya mashine yako.