Mdogo wako hakudanganyi anaposema ameshiba

Pole, dada. Umeuliza kama mdogo wako, aliyejinyima chakula kwa miezi, anaigiza anaposema vijiko vitatu vya wali vimemjaza, na kwa nini akisimama anaona giza.

Haigizi. Tumbo lililozoea njaa husukuma chakula polepole mno. Wali wa mchana unaweza kuwa bado upo jioni. Moyo nao hubana matumizi, mapigo yakashuka hata chini ya 50 kwa dakika. Kwa kawaida ukiinuka, mishipa hujikaza yenyewe damu isibaki miguuni. Kwake mwitikio huo umelegea, ndiyo maana anashika ukuta. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, vijana 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa majaribio, na mioyo yao ikapunguza mwendo vivyo hivyo. Si deko.

Mpeleke hospitali apimwe mapigo na presha akiwa amelala, kisha amesimama, pamoja na madini ya potasiamu na fosfati kwenye damu. Msimshindilie chakula nyumbani (najua mama anatamani): kingi cha ghafla baada ya njaa ndefu huweza kuvuruga moyo. Akizimia, msingoje kupambazuke.