Kabla hujamimina silikoni: kwa mgeni wa kikundi chetu cha miwani ya kuzamia

Karibu Kisumu. Kila mpiga mbizi utakayekutana naye atakwambia miwani yake inavuja, kisha atakwambia ameshaikaza mpaka basi. Hayo mawili ni jambo moja. Mkanda ukivutwa sana hukunja sketi, yaani ule ukingo laini wa silikoni unaolala usoni, na maji yanapita pale kwenye mkunjo. Mimi nilizamia muda mrefu bila kulijua hilo, nikirudi nyumbani na duara jekundu usoni kama niliyebusu sufuria ya moto.

Miwani hii lazima ifunike pua, tofauti na ile ya kuogelea. Hewa iliyomo ndani hubanwa kadiri unavyoshuka, na puani ndiko unakoiongezea. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kiasi, kwa hiyo ukishuka mita 10 ziwani shinikizo linapita mara mbili ya lile la ufukweni. Asiyepuliza kwa pua hutoka na macho mekundu. Na ni hapo hapo puani tunapogombana na miwani ya dukani: mwenye pua pana humkandamiza kandokando ya pua halafu inaacha upenyo chini, juu ya mdomo.

Basi tukaamua kutengeneza sketi zetu. Kalibu ya kwanza tuliichonga kwa plastisini ya watoto wa shule, tukamimina silikoni, tukangoja usiku kucha. Asubuhi ilikuwa uji. Tulimlaumu aliyeichanganya, maskini, kumbe plastisini ile ilikuwa na salfa, na silikoni ya platinamu, yaani ile inayogandishwa na platinamu kama yetu, ikigusa salfa haigandi. Glavu za mpira wa kawaida nazo huiharibu vivyo hivyo. Nunua plastisini iliyoandikwa haina salfa, na ujaribu tone moja kabla ya kumwaga kopo zima. Silikoni si bei ya omena.

Kioo usikikate. Kile cha miwani kimeimarishwa kwa moto, na ukijaribu kukikata kwa kisu cha kioo chote kinageuka punje. Cha dirisha ndiyo kabisa usithubutu, kikivunjika kiko mbele ya macho yako. Tunachukua vioo vya miwani kuukuu na kuijenga sketi kuvifuata.

Kosa lililotupotezea muda mwingi lilikuwa la nyuso zenyewe. Tulipaka watu aljineti, ule unga wa madaktari wa meno, wakiwa wamelala chali, midomo imetulia. Tukamimina plasta humo haraka, maana aljineti ikikauka inasinyaa. Sketi zikakaa juu ya plasta bila tundu hata moja. Kwenye bwawa la kuogelea zikavuja zote! Mpiga mbizi halali chali. Anatazama chini, nyama ya mashavu inaning'inia, na ameuma kipande cha kupumulia, kwa hiyo mikunjo ya kando ya mdomo inafunguka. Siku hizi anayepimwa huketi, ameinama kidogo, ameuma kipande hicho.

Utaratibu wetu wa kujaribu ni rahisi, ila hatutaki uukwepe. Kila sketi ina uzi wa rangi badala ya jina la fundi, na aliyeimimina haandiki chochote juu yake daftarini. Unaivaa bila mkanda, unavuta hewa kidogo kwa pua, unaachia mikono. Ikianguka, paka lipstiki kwenye ukingo na uibandike tena. Pasipo rangi usoni ndipo panapovuja. Kila mmoja wetu huivaa, si mwenye pua iliyopimwa peke yake. Halafu tunabadilisha kitu kimoja tu, unene au pembe ya pua, kamwe si vyote viwili. Fundi mmoja wa jua kali alituonyesha kwamba kupunguza unene chini ya pua kulifanya kazi kuliko vipimo vyangu vyote vya kompyuta. Niliumia kidogo, nikaandika.

Majaribio ya maji ni bwawani. Ziwani kuna kichocho, viboko na magugu, na maji ya ghuba ni ya matope hivi kwamba hutajua kama ni miwani au ziwa linalokunyima kuona.

Jumamosi njoo na daftari lako. Na masharubu hayo uyanyoe, la sivyo tutapoteza asubuhi nzima tukitafuta tundu ambalo ni lako mwenyewe.