Mbu wanatua kwenye neti na kuondoka wazima: nitie dawa upya?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Hapa Busia tulipewa neti za serikali. Nazifua kila wiki kwa sabuni ya unga, nikitia jiki kidogo zitakate, kisha nazianika juani. Siku hizi mbu wanatua juu yake na kuruka zao. Kifungua mimba wangu ameshaugua malaria mara mbili. Kuna dawa ya kuchovya ya kuzirudishia nguvu?

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Mambo ya kuchovya yaache. Yalikuwa ya neti za zamani. Hizi za sasa hutiwa dawa kiwandani, ikashikana na uzi, na kila neti ikifuliwa, iliyobaki hujitokeza juu taratibu. Zimetengenezwa zivumilie kufuliwa kama mara 20 katika miaka 3. Wewe kwa kufua kila wiki unazimaliza mara hizo ndani ya miezi mitano! Jiki na jua ndivyo vinavyoharibu dawa zaidi. Fua kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa maji baridi na sabuni ya mche, uanike kivulini. Maji yake usimwage mtoni wala ziwani, maana dawa hiyo huua samaki.

Mbu kutua na kuruka hakuonyeshi kwamba neti imekufa. Huenda akafa baadaye. Ila ni kweli mbu wetu Uganda wengi wamezoea pirethroidi, dawa iliyomo katika neti za kawaida. Miilini mwao wana vimeng'enya vinavyoivunja. Ndiyo maana baadhi ya neti huongezewa PBO, kitu kinachovizuia vimeng'enya hivyo. Zilipolinganishwa mashariki na magharibi mwa nchi kuanzia 2017, miezi 6 baada ya ugawaji watoto wa miaka 2 hadi 10 waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 11 penye neti za PBO, na asilimia 15 penye za kawaida. Soma kibandiko kilichoshonwa pembeni ujue yako ni ipi.

Huyo kifungua mimba, mimi ningeanza na mahali anapolala. Wakubwa ndio huishia kwenye mkeka sebuleni, neti wakiachiwa wadogo. Kama anayo na ni ya duara, mchungulie usiku: mkono ukiegemea neti, mbu hupitisha mdomo matunduni akanyonya. (Za duara zinapendeza chumbani, najua, lakini ya pembe nne humpa nafasi ya kujigeuza.) Ichomekeeni chini ya godoro au mkeka kabla giza halijaingia. Palipotoboka pashone leo. Hata neti iliyoishiwa dawa, ikiwa nzima, bado inakinga.

Akipata homa tena, apimwe siku hiyohiyo kwa VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji au kituo cha afya, na akikutwa na malaria amalize dozi yote hata akianza kucheza siku ya pili.