Kisiwa huibuka, hutengwa au huota?

Swali: Nafundisha jiografia sekondari. Katika insha za wanafunzi wangu, visiwa "vimezaliwa", "vimezuka", "vimeibuka" na "vimeota". Nisahihishe kipi?

Jibu: Mwalimu, kabla ya kushika kalamu nyekundu, tazama kwanza mwanafunzi anazungumzia kisiwa gani.

Mpiga mbizi akitoa kichwa juu ya maji tunasema ameibuka. Kinyume chake ni kuzama. Kitenzi hiki basi ni cha visiwa vya volkano, vilivyopanda kutoka sakafu ya bahari mpaka vikatokeza. Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, iliibuka hivyo, na Karthala, mlima wake wa mita 2,361, ungali hai. Kuzuka ni kutokea ghafla, popote pale. Mwaka 2018 volkano mpya ilizuka chini ya bahari, mashariki ya kisiwa cha Maore (Mayotte), ikagunduliwa mwaka 2019. Imezuka, lakini haijaibuka, kwa kuwa kilele chake bado kiko chini sana majini. Mwanafunzi anayetofautisha hayo mawili mpe alama zake zote.

Unguja ina habari nyingine. Zama za barafu usawa wa bahari ulishuka zaidi ya mita mia moja, na kwa kuwa mkondo kati ya Unguja na bara si wa kina kirefu, pale palikuwa nchi kavu. Chui wa Unguja walitokana na chui wa bara waliofika kwa miguu. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, wakabaki upande wa pili. Kwa hiyo andika "Unguja ilitengwa na bara": kauli ya kutendwa, maana mtendaji ni bahari. (Wala si "Unguja kilitengwa", ila ukitanguliza neno kisiwa.) Pemba usiiingize hapa, mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na ilitengana na bara zamani zaidi.

Mahé, huko Shelisheli, ilimegeka. Kwa sehemu kubwa ni graniti, jiwe gumu, kipande cha bara la kale la Gondwana kilichoachwa baharini India ilipojitenga na kwenda kaskazini.

Sasa kuota. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaojijengea makazi ya chokaa. Ukipita Mji Mkongwe, tafuta ukuta uliobanduka lipu, utazame jiwe kwa karibu: utaona vitundu vyenye umbo la nyota, kila kimoja kilikuwa makao ya mnyama mmoja. Kwa kuwa hukua kwenda juu, kuelekea kwenye mwanga, sioni kosa kusema mwamba "umeota". Kisiwa chenyewe, nashauri tuseme "kimejengeka". Charles Darwin alieleza jambo hili mwaka 1842: kisiwa cha volkano hudidimia polepole, na matumbawe yanayokizunguka huendelea kuota. Maore iko katikati ya safari hiyo: mlima ungalipo, na mwamba umeuzunguka kwa mbali. Maldivi milima imekwisha kuzama, imebaki miamba ya duara na maji matulivu katikati. Neno atoli dunia nzima imelichukua kutoka lugha yao, Kidivehi.

Mchanga uliojikusanya na kufunikwa kila maji yanapojaa ni fungu, si kisiwa.

"Vimezaliwa" ningelikata. Halimwambii msomaji kama kisiwa kilitoka chini, kilitoka bara, au kilijengwa na viumbe.