Pawa saplai isiyokula umeme ikiwa haina kazi

Wati moja inayoliwa usiku na mchana mwaka mzima ni uniti 8.76 za umeme. Mwenye umeme wa gridi anaweza kuipuuza, ila mwenye sola hawezi. Vifaa vitatu vinavyokula wati mbili mbili huku vimekaa tu vinanyonya wati-saa 144 kwa siku. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kama ni ya asidi na unataka idumu, unatumia nusu yake. Karibu robo ya akiba imeondoka kabla hujawasha hata taa. Ndiyo maana nikibuni pawa saplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo, naanza na hesabu ya kile inachokula ikiwa haina kazi. Ulaya tangu Aprili 2020 adapta ya kawaida isiyozidi wati 49 haitakiwi kuvuka wati 0.1 bila mzigo, yaani ikiwa hailishi kifaa chochote, nami hiyo miliwati 100 ndiyo bajeti ninayojipa.

Chukua saplai ndogo ya volti 12, ampea moja, ya kuendesha kidhibiti cha pampu ya maji. Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye daiodi na kapasita kubwa unakuwa volti 325 hivi. Anza na rezista ya kuwashia chipu inayoongoza saplai nzima. Kwenye saksiti nyingi za zamani utakuta kilo-omu 100 hapo, na peke yake inachoma wati nzima, muda wote, hata baada ya chipu kuwaka na kulishwa na koili yake ya trafo. Weka mega-omu 2 na inashuka hadi miliwati 53. Chipu za sasa zinahitaji mikroampea chache tu kuamka, hivyo kwa kapasita ya mikrofaradi 4.7 utasubiri kama nusu sekunde. Hakuna mteja atakayelalamika. Bora zaidi ni chipu yenye swichi ya ndani ya volti kubwa, inayojikata yenyewe ikishawaka.

Kisha nenda kwenye kapasita ya X, ile ya kuchuja kelele za umeme pale plagi inapoingia. Wengi hutundika mega-omu 1 sambamba nayo ili mtu asipigwe shoti akigusa pini za plagi aliyoichomoa. Hiyo ni miliwati 53 nyingine. Ukibaki kwenye nanofaradi 100 au chini yake, viwango vingi vya usalama havidai rezista hiyo. Kazi ya kuchuja kelele ipe choki, yaani koili ya kuzuia kelele. Kapasita ikiwa kubwa zaidi usiiondoe rezista kwa tamaa ya miliwati. Kuna chipu zinazoiunganisha pale tu umeme unapokatika. Nunua hiyo.

Upande wa pili, wa volti 12 zinazotoka, ndiko pesa ndogondogo zinakovuja. TL431, chipu ndogo inayolinda volti za kutokea zisiyumbe, inataka miliampea 1 ili ishike vizuri, na kwa volti 12 hiyo ni miliwati 12, zaidi ukihesabu hasara ya njiani. Ndugu yake ATL431 inatosheka na mikroampea 35. Taa ya LED yenye rezista ya kilo-omu 1 inakula miliwati 120, yaani bajeti yote na zaidi; weka kilo-omu 10 na bado utaiona vizuri ikiwaka ndani ya chumba. Mzigo wa bandia, yaani rezista inayowekwa kwenye mlango wa kutokea ili saplai isikose mzigo kabisa, ni hivyohivyo: kilo-omu 1 ni miliwati 144, kilo-omu 10 ni 14. Soma karatasi ya maelezo ya chipu ujue inahitaji kiasi gani hasa. Na kama kidhibiti kina relei, yaani swichi inayovutwa na koili, tafuta ile inayobaki ilipowekwa bila kulishwa, maana koili ya kawaida ya volti 12 inavuta karibu miliampea 30 muda wote inaposhika.

Chipu ya kuongoza ichague yenye kuruka baadhi ya mapigo yake ya kuwasha na kuzima mzigo ukipungua. Trafo inaweza kuanza kutoa mlio kidogo wakati huo. Ipake vanishi, vipande vya kiini chake vishikane.

Kwenye kupima, usichukue mita ya ampea ukazidisha kwa 230. Kapasita ya nanofaradi 100 peke yake inapitisha miliampea 7 na kitu, ukizidisha unapata kama wati 1.66, na karibu zote si wati halisi. Mita za bei nafuu za soketi nazo hazioni vizuri chini ya wati moja. Mimi nachomeka saplai kumi za aina moja kwenye mita inayohesabu nishati, naziacha siku nzima, kisha nagawanya.

Jambo moja la kushika kabla hujafungua kasha: ukishaondoa kila kinachonyonya, kapasita kubwa inakaa na volti zake muda mrefu baada ya kuchomoa plagi. Iguse kwanza na rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, sekunde mbili tatu, kisha pima kwa mita uhakikishe imeisha ndipo uweke kidole.