Daftari “halionekani” au “limefichwa”?

SWALI: Muhtasari wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa unasema: “Daftari la marejesho halionekani, na kiasi kilichopungua hakijulikani.” Nilitaka iandikwe “limefichwa”. Katibu akasema sarufi hairuhusu kwa kuwa aliyelificha hatajwi. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Kauli ya kutendwa haidai mtenda atajwe. “Nyumba imeuzwa” ni sentensi kamili. Ila ile -w- inakiri kwamba mtenda yupo, ndiyo maana msikilizaji anaweza kuuliza, “Imeuzwa na nani?” Kauli ya kutendeka, yenye -ik- au -ek-, haimpi mtenda nafasi. Kikombe “kimevunjwa na Asha”, lakini hatusemi “kimevunjika na Asha”. Vivyo hivyo daftari likifichwa, kuna mkono uliolificha. Likifichika, huenda limefunikwa na makaratasi tu.

“Halionekani” na “hakijulikani” zimo katika ukoo huohuo wa kutendeka, na hapo ndipo penye uzito kuliko hata hilo neno unalolitaka. “Hatujui” humtaja asiyejua. “Hakijulikani” husema hakuna ajuaye popote. Mtu aliyekabidhiwa vitabu vya hesabu akiandika hivyo, asilolijua au asilotaka kulisema yeye linageuka kuwa fumbo la wote, na hakuna tena wa kuulizwa. Kwenye taarifa ya fedha za watu, mimi neno hilo silikubali. Gazeti likiandika siku ya tukio kwamba chanzo cha moto “hakijajulikana”, hilo ni jambo jingine: -ja- inaonyesha kwamba jibu bado linatafutwa. Muhtasari wenu hauna hata hiyo -ja-.

Hata hivyo, “limefichwa” ni shtaka. Sarufi inakuruhusu kulitamka, lakini haikupi ushahidi. Kama huna, tumia kauli ya kutenda, kila mtu atajwe kwa alilolifanya: “Mweka hazina alilichukua daftari kikao kilichopita, leo hakuja nalo. Hatujamuuliza kiasi kilichopungua,” au “Tumemuuliza, hakujibu,” kadiri ilivyokuwa. Marekebisho hayo yaombe wakati wa kusoma na kuthibitisha muhtasari, kabla mwenyekiti hajatia saini.