Fundi Anajibu: Koili Inanasa, Fyuzi Inakatika

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine ya pinboli (mchezo wa kurusha gololi) ya kampuni ya Williams, ya miaka ya 1990, niliinunua hoteli moja ilipokuwa inauza vitu vyake vya zamani. Nikiwasha tu, koili (waya uliozungushwa, ukipata umeme unavuta kama sumaku) inayorusha gololi kutoka shimoni inavuta na haiachii. Inanuka kuungua, halafu fyuzi inakatika. Fundi wa mtaani anasema tuweke fyuzi kubwa zaidi. Nimsikilize? – Msomaji, Mbezi Beach.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nakusihi, usimsikilize. Fyuzi hiyo ndiyo inayokulindia nyumba. Ukiweka kubwa, safari nyingine itaungua koili au njia za shaba kwenye bodi.

Kwenye bodi za Williams za miaka hiyo, zinazoitwa WPC, koili ina umeme upande mmoja muda wote, volti 50 na zaidi. Transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, ndiyo inayofungua njia ya kuupitisha kwenda gandi, upande wa pili wa mzunguko. Koili ikivuta mara tu unapowasha, transista hiyo kwa kawaida imepiga shoti. Chomoa plagi ukutani, subiri kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) zimalize umeme wake, kisha weka mita kwenye alama ya daiodi. Tafuta transista ya koili hiyo, yenye namba TIP102. Ncha nyeusi iguse bati la mgongoni, nyekundu iguse miguu ya pembeni, mmoja mmoja. Iliyo nzima inasoma 0.4 hadi 0.6 hivi. Ukipata sifuri, imekufa. Mguu wa kati usikutie shaka, huo umeungana na bati.

Ukiibadilisha, badilisha na ile ndogo inayoiamrisha, 2N5401, maana mara nyingi zinakufa pamoja. Ukienda Kariakoo beba zilizokufa mkononi, na usikubali kupewa namba "inayofanana".

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi. Kwenye koili kuna daiodi ndogo (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), 1N4004. Koili inapozimwa hurudisha mshtuko mkubwa wa umeme, na daiodi ndiyo inayoumeza. Mashine inatetemeka kila gololi inaporuka, basi mguu wa daiodi unakatika pale ulipochomelewa kwa risasi, na kwa macho unaona kama umeshika. Uvute taratibu kwa koleo. Ukicheza, weka daiodi mpya (1N4007 nayo inafaa), mstari wake ukae upande wa waya wa umeme unaoingia. Usipofanya hivyo, transista mpya itakufa kama ya kwanza. Pima na koili yenyewe kabla ya kurudisha fyuzi: ikikaribia omu sifuri, nayo imeungua.

SWALI: Mashine yangu, nayo ni WPC, inasahau pointi za juu kila nikiizima. – Msomaji, Sinza.

JIBU: Tazama betri tatu ndogo za AA kwenye bodi kuu, ndizo zinazotunza kumbukumbu mashine ikizimwa. Zitoe leo hii, hata kama bado hazijavuja. Ukiona ukijani, sugua kwa mswaki na siki nyeupe, suuza kwa maji, malizia na spiriti, acha bodi ikauke kabisa. Betri mpya usizirudishe pale. Ziweke kwenye kishikio chenye waya mrefu, kikae chini ya bodi zote, zikivuja zidondokee mbao.